Karatasi ya Kwenye Kabati la Joto

Wazee wetu, ndugu, majirani, na nyinyi wa hospitali mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, poleni, na asanteni kwa kufika. Familia imeniomba nisome maisha ya kaka yetu, na imeniomba pia nisome taratibu na nisiongeze ya kwangu, hilo la pili sikuahidi. Mimi ni mdogo wake wa pekee, fundi cherehani, wengi mnanijua kwa sababu baadhi ya nguo mlizovaa leo zimepita mikononi mwangu. Mambo ya maabara nitakayoyataja sikuyasomea, nimeyasikia mezani kwa kaka kwa miaka zaidi ya ishirini, kwa hiyo nikiteleza mahali, wenye taaluma mnistahi, mtanirekebisha tukishamzika.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Agosti 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yetu, akiwa mtoto wa kwanza kati yetu wawili, baba yetu akiwa seremala na mama yetu akishona mashuka ya hospitali. Mama alituambia kwamba mkunga alichelewa, akamkuta mtoto keshafika na amenyamaza kimya, akampiga kofi moja, na kaka hakulia, aliguna tu kama mtu aliyekatizwa usingizi. Hakuwa mtu wa kelele tangu siku hiyo.

Alianza shule ya msingi Januari 1976, shule iliyokuwa nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1982, kisha sekondari ya kutwa kuanzia 1983 hadi 1986. Huko sekondari kulikuwa na darubini moja ya kutazamia vijidudu, kioo chake cha kumulikia mwanga kilikuwa kimevunjika na mwalimu wa sayansi alikuwa ameifunga kabatini, kaka akaiomba, akaitengeneza kwa kipande cha kioo cha kujitazamia cha mama, mama akamtafuta nyumba nzima na fimbo. Kitu cha kwanza alichokitazama ni tone la damu yake mwenyewe, alijichoma kidole kwa pini, akarudi nyumbani jioni akatuambia kwamba ndani yetu mna visahani vyekundu visivyohesabika, vimebonyea katikati, vinapishana bila kugombana. Nilikuwa na miaka minane, nilidhani ananidanganya, na nikampiga.

Alisomea kazi ya maabara kuanzia Septemba 1988 hadi Desemba 1990, akaajiriwa Jumatatu tarehe 4 Machi 1991 katika hospitali ile ile mama aliyokuwa akiishonea mashuka, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka ugonjwa ulipomtoa, miaka thelathini na mitatu kasoro wiki chache, katika chumba cha mwisho cha korido ya chini, chenye meza mbili za vigae, sinki moja linalovuja, kabati la joto la kuoteshea vijidudu, na dirisha linalotazama ua wa nyuma. Waliokuwa wakifuata majibu yao walimwita Kesho Kutwa, kwa sababu ndilo jibu alilompa kila mtu, awe mkurugenzi au mfagizi, vijidudu haviharakishwi, njoo kesho kutwa. Jina hilo lilimfuata mpaka mtaani, watoto walimwamkia, shikamoo Mzee Kesho Kutwa, naye aliitika marahaba bila kukunja uso.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupima damu za wagonjwa wenye homa kali, damu inatiwa kwenye chupa mbili zenye chakula cha vijidudu, chupa zinawekwa kwenye kabati la joto, na kikiota chochote kinahamishiwa kwenye sahani ndogo ya plastiki iliyomwagiwa rojo lenye damu, likaganda. Damu ya hizo sahani zamani ilitoka kwa kondoo, shamba lililokuwa likiwaletea likafungwa mwaka 2009, ndipo wafanyakazi wa maabara wakapanga zamu ya kujitoa damu kidogo kila mwezi, na mwenye zamu walimwita kondoo wa mwezi. Wenzake hapa wananitazama, lakini ukweli mnaujua, zamu ikifika mmoja ana mafua, mwingine amefunga, wa tatu ameota ndoto mbaya, na kaka anakunja mkono wa shati. Wifi yangu alikuwa akimwambia, wewe baba watoto, vijidudu vya mji huu vyote vimekulia kwako, na kaka anacheka mpaka anaweka kijiko chini.

Sasa nifike mwaka 2003, maana bila huo mwaka hamtaelewa tumefikaje hapa. Dirisha la maabara lilikuwa likitazama tanuri la kiwanda cha mikate, unga na hamira vilikuwa vikipeperuka uani mchana kutwa, na kila mara kwenye sahani za kaka iliota hamira, ambayo nayo ni jamii ya fangasi, na haikutoka kwa mgonjwa yeyote, imeingia na upepo wakati chupa zikifunguliwa. Mwezi wa Julai mwaka huo iliota kwenye chupa moja ya mgonjwa mmoja, mama mtu mzima, kaka akaripoti kama ilivyo, madaktari wakampa yule mama dawa ya fangasi ya wakati ule, dawa kali, ikamharibu figo, na baadaye ikaonekana hamira ile ilikuwa ya mikate, yule mama hakuwa na fangasi wowote kwenye damu. Kaka hakula siku mbili. Siku ya tatu akaandika karatasi kwa mkono wake, akaifunika kwa nailoni isilowe, akaibandika kwenye mlango wa kabati la joto, na maneno yake nimepewa niyasome kama yalivyo: Hamira ikiota kwenye chupa moja tu, ni uchafu wa hewa. Usiripoti. Tupa, omba damu nyingine.

Kila aliyeajiriwa baada ya hapo alifundishwa karatasi ile kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Kiwanda cha mikate kilihama Juni 2018, tanuri likabomolewa, ua ukawa maegesho ya magari, karatasi ikabaki.

Kaka alioa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998. Wifi yangu, mwalimu wa chekechea, alikuwa amefuata majibu ya baba yake mara tatu, na mara tatu akaambiwa kesho kutwa, mara ya nne akamwambia kaka mbele ya foleni nzima kwamba ana roho mbaya na shati lake halijapigwa pasi, kaka akaja kwangu jioni ile ile na mashati sita. Nilijua hapo hapo. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2000, ambaye ni fundi wa majokofu, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2004, ambaye bado anasoma. Kama baba alikuwa mpole kupita kiasi, wakimkosea alikuwa akiwaambia wakae wafikirie, na wao wanakaa, wanafikiria, wanasinzia.

Mwaka 2011 kaka alianza kuona jambo kwenye zile sahani ambalo lilimkaa kichwani mpaka mwisho. Hamira za ugonjwa, ndugu wa zile za mikate, zilizotoka kwa wagonjwa mahututi, akiziotesha juu ya damu aliyoitia sukari kidogo, baada ya siku mbili zilikuwa zimezungukwa na duara lililopauka, pale palipokuwa pekundu unaweza kuona mwanga wa dirisha, ilhali zile za mikate zilikaa juu ya damu kama wageni sebuleni, hazikugusa kitu. Alinieleza kwa kutumia kikopo changu cha vifungo. Chembe nyekundu, alisema, ni kifuko chenye ukuta laini, ndani yake mna ile rangi nyekundu inayobeba hewa, na ndani ya rangi hiyo kuna madini ya chuma, hamira bila chuma haizaani, na mwili unajua hilo, kwa hiyo unakificha. Zile za ugonjwa zinatoa kitu kinachotoboa ukuta wa chembe, chembe inavimba, inapasuka, na hamira inajichukulia kilichomwagika. Nikamwambia huo ni wizi wa kuchana mfuko, akasema afadhali ya mwizi, mwizi akishapata anaondoka.

Aliandika yote kwenye daftari, hamira sitini na tatu kwa miaka kumi na miwili, akalipeleka kwa daktari bingwa, ambaye alilisoma kwa heshima na kumwambia ni jambo zuri ila hamira alizopima ni chache, na tena zipo hamira za ugonjwa zisizopiga duara, kwa hiyo asilifanye kuwa sheria. Kaka alikubali. Lakini aliniambia, nakumbuka ilikuwa Jumapili, tunamenya machungwa, kwamba duara au bila duara, kiwanda hakipo tena, na karatasi yake imepitwa na wakati, hamira yoyote kwenye damu ya mgonjwa sasa iripotiwe siku hiyo hiyo, na kwamba ataibandua. Halafu mashine ikaharibika, halafu mfanyakazi mmoja akastaafu na hakuletwa mwingine, halafu likaja hili na lile, mnajua kazi zilivyo. Aliipita karatasi ile kila siku ya kazi, mara ishirini kwa siku, na mtu akishazoea kitu hakioni tena.

Jumatatu tarehe 5 Februari mwaka huu alijitoa damu ya sahani kama kawaida yake, kesho yake, Jumanne tarehe 6, akashikwa na tumbo kazini, akapimwa, utumbo ulikuwa umetoboka, akapasuliwa siku hiyo hiyo, na upasuaji ulikwenda vizuri, hilo nataka madaktari walisikie mbele ya watu. Akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, akawekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingo wa kupitishia chakula na dawa, tukawa tunamwona kupitia kioo, anatupungia vidole viwili. Jumatano tarehe 14 ikaingia homa. Wakamtoa damu, chupa mbili, zikashushwa korido ya chini, zikawekwa kwenye kabati lake la joto.

Ijumaa tarehe 16, chupa moja ikaota hamira, ya pili haikuota kitu. Aliyekuwa zamu ni msaidizi wake, mama wa watoto watatu, ambaye kaka alimfundisha kazi tangu mwaka 2012 na kumwita mwanangu. Alijua chupa ni ya nani. Aliniambia mwenyewe kwamba aliitazama sahani ile kwa muda mrefu, na kwamba alitaka sana iwe uchafu, na nani asingetaka, kisha akasoma karatasi iliyokuwa mbele ya macho yake, akafanya kama ilivyosema, akatupa, akaomba damu nyingine. Damu nyingine ilitolewa Jumamosi, ikaota Jumatatu tarehe 19, chupa zote mbili. Siku tatu zilikuwa zimekwenda, na homa haikuwa imekaa ikitusubiri.

Madaktari waliutoa mpira wa shingoni siku hiyo hiyo na kuanza dawa ya kawaida ya fangasi. Jumatano tarehe 21 yule msaidizi alipanda juu akiwa na picha kwenye simu yake, hamira ya kaka juu ya sahani ya damu, nami nilikuwepo, nimevalishwa koti na barakoa. Sahani hiyo ilikuwa ya damu ya kaka mwenyewe, ile aliyojitoa tarehe 5 akiwa mzima, hakukuwa na nyingine kwenye jokofu. Duara lilikuwepo, lililopauka, pana, halikuhitaji kutafutwa. Kaka akaikuza picha kwa vidole vyake viwili, akauliza lina milimita ngapi, mimi nikataka kumnyang'anya ile simu niitupe dirishani. Ndipo yule dada akamwambia kuhusu Ijumaa. Kaka akasema, ulifanya nilivyoandika, kisha akageuza uso ukutani, na mabega yakawa yanatikisika. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona kaka analia, hata tulipowazika wazazi, na sikujua nimshike wapi, kila mahali palikuwa na waya.

Nitasema ukweli wangu, mimi ni mtu wa mikono, nikiona kilichochanika nakishona, na wiki ile sikuwa na la kufanya. Nilimshonea shati la kufunguka begani ili mipira ipite, pamba laini, mishono nimeificha, likakataliwa mlangoni kwa sababu za usafi, nikalirudisha nyumbani kwenye mfuko. Damu yake ilikuwa ikipungua, wakamwongezea chupa mbili, nami nikamuuliza daktari kama hatuzilishi zile hamira kwa kumtia damu mpya. Hakunicheka. Alisema mwilini si kama kwenye sahani, damu ya mgonjwa kama huyu inapungua kwa sababu nyingi, upasuaji, homa, hata vipimo vyenyewe, na hawezi kuniambia hamira zimepasua kiasi gani, ila bila kuongezewa hatafika kesho. Nikasema sawa. Nilisema sawa mara nyingi sana mwezi ule.

Alhamisi tarehe 22 vipimo vilionyesha hamira ile haisikii dawa ya kawaida. Dawa ambayo ingeisikia haikuwepo hospitalini wala kwenye maduka ya dawa ya karibu, ikaagizwa mbali, ni dawa inayotaka baridi isiyokatika, na binti yake akaifuata kwa gari lake la kazi, safari ya siku mbili kwenda na kurudi, kipimajoto kimefungwa kwa gundi kwenye kioo cha mbele, asilale, asizime jokofu hata anapojaza mafuta. Alifika Jumatatu tarehe 26 saa tisa alasiri, dawa iko salama kabisa, ikaanza kuingia saa kumi. Jumatano tarehe 28 homa ikashuka kidogo, wakamtoa damu tena, na kaka akaomba miwani yake. Tukajipa moyo. Wifi yangu alikwenda nyumbani akafua mashuka yote.

Lakini figo zilikuwa zimechoka, na moyo nao, presha ikawa inashuka, inapandishwa, inashuka. Jumamosi tarehe 2 Machi 2024, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kaka alifariki, akiwa na miaka hamsini na mitano, mkono wake mmoja umeshikwa na mkewe, mwingine na muuguzi, mimi nikiwa korido nabishana na mlinzi kuhusu saa za kuingia.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari waliompasua na waliomhudumia, hamkulala, tuliwaona, wauguzi wa chumba cha mahututi ambao mlimwogesha kama mnamwogesha baba yenu, majirani mliopika, mliochota maji na kulea nyumba wiki nne bila kuombwa, walimu wanaofundisha na wifi yangu, na wote mlioniletea kazi ya cherehani mkanikuta sipo na hamkununa.

Nimeambiwa niwashukuru wafanyakazi wa maabara kwa pamoja nikomee hapo, samahani, sitakomea hapo. Damu ile ya Jumatano ya mwisho ilipokuwa kwenye kabati la joto siku ya tatu, mgonjwa akafariki, na chupa za aliyefariki hakuna anayezihitaji, hutolewa. Yule msaidizi hakuzitoa. Chupa haitangazwi kuwa safi mpaka siku tano zitimie, ndivyo alivyofundishwa na kaka, akazisubiri Jumapili yote, na jana Jumatatu alasiri akaja nyumbani, hakuketi, akanipa majibu yameandikwa vizuri, yamegongwa muhuri. Chupa zote mbili, safi. Hakuna kilichoota. Dawa ilikuwa imefanya kazi.

Niliyasoma majibu hayo mara nne, nikamrudishia mlangoni, sikumkaribisha hata maji, na tangu jana sijapata pa kuipeleka aibu hiyo. Dada, nakuona umesimama kule nyuma karibu na geti. Hasira ninayo, sikufichi, natafuta wa kumpa, kila ninayemgeukia namkuta alifanya alichopaswa kufanya, nikifika mwisho namkuta kaka mwenyewe na kalamu yake, na yeye aliandika kwa kumwonea huruma mtu. Njoo ukae huku mbele na sisi, kiti kipo.

Kaka, lala sasa, hakuna anayekudai majibu. Pumzika kwa amani, mwana wa mama yangu.